Shajara ya Safari na Historia ya Beni na Butembo

1. Utangulizi

Msafiri anayeandika kila jioni na msafiri anayeandika baada ya kurudi nyumbani hawaandiki kitu kimoja. Wa pili anajua safari iliishia wapi, nani alipona na nani alikufa, jambo lipi lilikuwa kubwa na lipi dogo. Wa kwanza hajui. Anaandika mvua, njaa, bei ya mtama na jina la mwenyeji aliyempokea, kwa sababu hayo ndiyo yaliyomsumbua au kumfurahisha siku hiyo. Kesho huenda ikamwonyesha kwamba alikosea, lakini kosa lenyewe linabaki katika karatasi, na mwanahistoria anajifunza kutokana nalo.

Makala hii inakusudia kuichunguza shajara ya safari, yaani daftari linaloandikwa siku kwa siku na mtu aliye mbali na kwao, kama chanzo cha historia ya nchi ya Beni na Butembo katika Kivu ya Kaskazini. Hoja yake ni kwamba nchi hiyo iliingia katika maandishi kwa mkono wa wapitaji, nao walipata sifa ya kuwa mashahidi kwa sababu tu walikuwa na daftari. Wenyeji wa nchi hiyo wamekuwa wasafiri wakubwa kwa muda mrefu, na hata leo wapo wanaofika Dubai na Guangzhou. Hata hivyo, maandishi yao ya njiani hayajahesabiwa kuwa historia, na yako katika hatari ya kupotea.

2. Nchi iliyoandikwa na wapitaji

Tarehe 25 Februari 1887 meli iitwayo Madura iliondoka Unguja ikiwa imechukua zaidi ya Wazanzibari 600 walioandikwa kazi na Henry Morton Stanley kwa ajili ya safari ya kumwokoa Emin Pasha. Ndani ya meli hiyo alikuwamo pia Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Meli ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na katika mwezi wa Machi ikafika Banana, penye mlango wa mto Kongo. Tarehe 28 Juni kikosi cha mbele kiliondoka Yambuya kikaingia msituni. Kilitoka upande wa pili mnamo Desemba, baada ya njaa kubwa, na watu wengi walikuwa wamekwisha kufa au kuachwa njiani.

Kwa wapagazi wale, hiyo ilikuwa safari ya ng'ambo kwa kila maana ya neno hilo. Walitoka kwao kwa bahari kuelekea kusini, wakaingia bara kutoka magharibi, na waliobaki walirudi pwani kwa miguu. Aprili 1889 msafara uliondoka kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, ukiwa na watu wapatao 1,500 pamoja na Emin na watu wake. Mei na Juni ulivuka mto Semliki, ukafuata bonde lake chini ya Ruwenzori, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika eneo la Beni. Huko ulikutana na Wakonjo, ndugu wa Wanande kwa lugha na kwa asili. Kutoka kambi moja ya bonde hilo Luteni Stairs alipanda mlima hadi zaidi ya mita 3,000, kisha akarudi. Msafara ulifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889.

Karibu kila ofisa Mzungu wa safari hiyo aliandika shajara: Stanley mwenyewe, daktari Parke, Jephson, Stairs, na wale walioachwa Yambuya, yaani Barttelot na Jameson. Maofisa walikuwa wametia sahihi mkataba wa kutochapisha chochote mpaka ipite miezi sita tangu kitabu cha kiongozi kutoka. Sharti hilo linaonyesha kwamba tangu mwanzo shajara ilieleweka kuwa mali na pia silaha. Na kweli, ulipozuka ugomvi juu ya maangamizi ya kikosi cha nyuma, shajara za Barttelot na Jameson, ambao wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, zilichapishwa na jamaa zao mwaka 1890 ili kujibu mashtaka. Marehemu walitetewa na madaftari yao.

Wapagazi wa Kizanzibari hawakuwa na utetezi wa namna hiyo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Ndicho kilichotumika kugawia chakula na kupangia zamu za ulinzi. Lakini shajara za safari hiyo zilizochapishwa na kusomwa hadi leo zimeandikwa na maofisa. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili baadaye, kwa ombi la Heinrich Brode, na kazi hiyo ni hazina. Hata hivyo, hayo ni maandishi ya kumbukumbu. Mambo yamepangwa kwa uzito wake katika maisha ya mwandishi, na tarehe ni chache mno. Msomaji hupata hukumu ya mzee juu ya mambo yaliyopita, lakini hapati jioni moja moja jinsi ilivyopita.

Miaka miwili baada ya msafara wa Stanley, Emin alirudi katika nchi hiyo hiyo pamoja na Franz Stuhlmann, ambaye mnamo Juni 1891 aliupanda mlima kutoka magharibi hadi mita 4,000 na zaidi. Emin aliuawa Oktoba 1892 mashariki ya Kongo. Shajara zake zilisalimika, na Stuhlmann alizihariri na kuzitoa kuanzia mwaka 1916. Nyaraka za Stanley nazo zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Kwa hiyo mwanafunzi wa Beni anayetaka kusoma kwa mkono wa mwandishi jinsi bonde la kwao lilivyokuwa mwaka 1889 analazimika kwanza kuomba viza.

3. Mtoto aliyeonyesha theluji

Tofauti kati ya shajara na kitabu inaonekana wazi katika jambo moja, nalo ni habari ya kuonekana kwa theluji ya Ruwenzori.

Stanley aliandika kitabu chake mjini Cairo mwanzoni mwa mwaka 1890, kwa muda wa siku hamsini hivi, akiwa amezungukwa na madaftari yake. Humo anasimulia kwamba tarehe 24 Mei 1888, karibu na Ziwa Albert, aliona kitu alichodhani ni wingu la rangi ya fedha, na baadaye akatambua kuwa ni mlima wenye theluji. Lakini Parke na Jephson walikuwa wameuona mlima huo mwezi mmoja kabla yake, na Parke aliandika habari hiyo katika shajara yake. Bila daftari la siku ile, neno la daktari lingekuwa kama porojo ya mtu anayetaka sifa baada ya jambo kujulikana.

Hata hivyo, kuna shahidi mwingine katika habari hiyo hiyo. Stanley mwenyewe anakiri kwamba hakuutazama mlima kwa kuujua. Kuna mtoto aliyemwonyesha, akimwambia kwamba mlima ule umefunikwa na chumvi. Isitoshe, Stanley alikuwa amekwisha kusikia kwa watumwa wawili wa Kavalli habari za mlima wenye kitu cheupe juu yake. Hivyo ujuzi ulitoka kwa watumwa wawili na mtoto mmoja, ukapita kwa maofisa wawili, na mwisho ukafika kwa kiongozi aliyeutangaza ulimwenguni. Wa mwisho katika mfuatano huo ndiye aliyepewa sifa. Watatu wa kwanza hatuambiwi hata majina.

Si haki kusema kwamba Stanley aliwaficha. Aliwataja, na bila kuwataja kwake tusingejua kuwa walikuwako. Tatizo liko katika daftari lenyewe. Mwenye kuandika huamua nani ana jina na nani ni "mtoto" tu. Wenyeji wa bonde lile walikuwa na jina la mlima, walijua njia za kuupanda, walijua na baridi yake. Hawakuhitaji kuugundua. Walichokosa ni mtu wao wa kuandika jioni ile kwamba fulani bin fulani ndiye aliyewaonyesha wageni mlima.

4. Waafrika walioandika njiani

Isidhaniwe kwamba kuandika shajara ya safari kulikuwa kazi ya Wazungu peke yao. Mifano ipo, na mmojawapo unatoka karibu kabisa na Beni.

Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko Bara Hindi, alikuwa katika kundi lililochukua maiti ya David Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi pwani mwaka 1873 na 1874. Aliandika shajara ya safari hiyo kwa Kiingereza, kisha akafuatana na maiti hadi Uingereza na kuhudhuria mazishi ya tarehe 18 Aprili 1874. Shajara yake ni ushahidi ulioandikwa wakati ule ule na mmoja wa watu wa msafara, na haukupitia masikio ya mgeni.

Selim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 pamoja na Mjerumani aitwaye Bumiller kupitia Urusi hadi Siberia na Asia ya Kati. Habari zake zimo katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotolewa mwaka 1901. Hapa Mswahili ndiye anayetazama, na Mrusi ndiye anayetazamwa. Lakini mkusanyiko huo ulitengenezwa kwa matakwa ya Velten, na hatuna budi kujiuliza ni mambo gani mwandishi aliyaacha kwa kuwa aliyeyaomba hakuyahitaji.

Ham Mukasa aliandika siku kwa siku alipofuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza mwaka 1902 kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Sherehe ilikuwa imepangwa tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla yake ikaahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa mfalme, ikafanyika tarehe 9 Agosti. Faida ya shajara inajitokeza hapo. Mtu anayekumbuka baadaye angeweza kuirukia sherehe yenyewe. Mwenye shajara ana wiki nyingi za kungoja, nazo zimejaa mambo ya mji, watu, mashine na majumba, kila kimoja kikilinganishwa na kitu cha Buganda ili msomaji wa nyumbani apate kuelewa.

Mfano wa nne ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895 na kufika Mboga mwaka uliofuata. Mboga iko ng'ambo ya Semliki, kaskazini ya Beni, katika Ituri ya leo. Jina lake lina maana ya kitu kilichotoka Ulaya, nalo alilipata kwa sababu ya koti la kizungu alilopenda kuvaa, ingawa Ulaya hakufika. Alifanya kazi pande zote mbili za Semliki, na tangu miaka ya 1920 alikwenda pia kwa Wambuti wa msituni. Alifariki Mboga mwaka 1933. Aliacha madaftari ya shajara kwa Kiganda, na wanahistoria wa kanisa wameyategemea sana tangu hapo.

Maisha ya Kivebulaya yanaonyesha pia jinsi neno "ng'ambo" linavyobadilika. Alipofika Mboga kwa mara ya kwanza, mahali hapo palihesabiwa na watu wa Toro kuwa upande wao. Kwa mapatano ya mipaka ya mwaka 1910 Mboga ikawa ndani ya Kongo ya Wabelgiji, na aliporudi kukaa huko katika miaka iliyofuata alikuwa amekwenda nchi ya kigeni bila mahali penyewe kuhama. Wakonjo na Wanande walipatwa na jambo hilo hilo. Ziara ya kawaida kwa shemeji ikawa safari ya kuvuka mpaka wa serikali mbili. Ramani inaonyesha mstari. Namna watu walivyoanza kuishi na mstari huo hujulikana zaidi kwa mtu aliyekuwa akiandika wakati ule.

5. Kaye ya mfanyabiashara

Mtu akitafuta leo shajara za Wanande waliosafiri mbali, asitafute kwanza katika maktaba. Atafute katika maduka na masanduku ya Butembo.

Biashara ya Butembo imechunguzwa vizuri. Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1982 juu ya wafanyabiashara Waafrika wa mji huo kati ya mwaka 1960 na 1980. Baada yake wengine wameeleza jinsi watu walioanza na maharagwe, mboga na kahawa walivyofika hadi masoko ya Asia. Bidhaa zinazonunuliwa Dubai au China hupakiwa katika makontena, hushushwa Mombasa, hupita Kenya na Uganda kwa malori, huingia kwa mpaka wa Kasindi, kisha hufika Beni, umbali wa kilomita 80 hivi, na hatimaye Butembo.

Safari za namna hiyo haziwezekani bila kuandika. Mfanyabiashara aliye mbali huandika bei ya jora la kitambaa, kima cha kubadili dola, nauli, jina la mtu aliyemwelekeza, siku ambazo mzigo umekaa forodhani. Kaye, kama wanavyoliita daftari huko Kongo, huandikwa kila siku kwa sababu hesabu haingoji. Mwandishi wake hakukusudia kuandika historia. Hiyo ndiyo sababu moja ya kumwamini, maana hakuwa na haja ya kumpendeza msomaji ambaye hakumtazamia.

Chukuliwe mfano wa kufikirika. Ukurasa mmoja unasema: "Kasindi, siku nne, mvua, lori mbili mbele yetu zimekwama, kwa mama wa chakula deni la siku mbili." Mtaalamu wa uchumi ataona hapo gharama ya kungoja. Mtaalamu wa jiografia ataona hali ya barabara. Mwanahistoria wa jamii ataona kwamba palikuwa na mwanamke aliyekuwa akiwakopesha chakula wasafiri, na kwamba biashara ya makontena ilisimama pia juu ya imani yake. Mwenye lugha naye ataona Kiswahili kilivyoandikwa na mtu asiyekuwa mbele ya mwalimu, kimechanganyika na Kinande na Kifaransa, jambo ambalo sarufi za shule hazilionyeshi. Yote hayo yako katika mistari miwili.

Lakini madaftari ya namna hiyo yana maadui wengi. Adui wa kwanza ni dharau. Mwenyewe akifa, watoto huona hesabu za zamani na deni lililokwisha kulipwa, nao huzitumia karatasi hizo kwa kazi nyingine. Adui wa pili ni vita. Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata, na mauaji yaliyoanza kandokando ya Beni mnamo Oktoba 2014, vimewafanya watu wengi wakimbie, na anayekimbia hubeba mtoto na godoro kabla ya karatasi.

Adui wa tatu ni hofu ya kuandikwa. Wakati wa maradhi ya Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi, na katika Kivu ya Kaskazini na Ituri walikufa watu zaidi ya 2,200. Watu waliokutana na mgonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Waliulizwa walikuwa wapi, walilala kwa nani, walisalimiana na nani. Maswali hayo yalikuwa ya lazima ili kuzuia ugonjwa. Hata hivyo, ni maswali ya shajara, nayo yaliulizwa na watu wa nje katika nchi ambayo orodha ya majina imewahi kuwa jambo la hatari. Si ajabu kama wapo walioona kwamba mtu asiyeandikwa popote ndiye aliye salama.

Hofu hiyo isibezwe. Shajara inaweza kumtaja mtu aliyelipa ili apite kizuizini, au aliyempa mkimbizi mahali pa kulala. Atakayekusanya madaftari bila kufikiri juu ya watu waliotajwa ndani yake atakuwa amewadhuru wale aliotaka kuwatunza.

6. Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba thamani ya shajara ya safari imo katika kutojua kwa mwandishi. Parke anaaminiwa juu ya theluji kwa sababu aliandika kabla jambo halijawa na sifa. Ham Mukasa anatupa wiki za kungoja kwa sababu hakujua kama mfalme angepona. Mfanyabiashara wa Butembo anatupa Kasindi ya siku nne za mvua kwa sababu hakujua kama angetoka siku ya tano.

Yako mambo matatu yanayoweza kufanywa. La kwanza ni kuhifadhi. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, na vyuo vya namna hiyo ndivyo vinavyofaa kupokea nakala za madaftari. Daftari lenyewe libaki mikononi mwa familia, na familia iamue ni kurasa zipi zifungwe kwa miaka mingapi. La pili ni kuyasoma kama maandishi ya Kiswahili, pamoja na makosa yake ya tahajia, bila kuyasahihisha hadi yakapoteza sauti yake. La tatu linawahusu wanafunzi wenyewe, ambao leo huenda kusoma Kampala, Nairobi au Ulaya na kurudi na shahada pamoja na picha katika simu. Nusu ukurasa kila jioni, kwa Kiswahili au Kinande, wenye tarehe, mahali, bei na majina, utawafaa watu ambao bado hawajazaliwa.

Zaidi ya yote yawemo majina. Mtoto aliyemwonyesha Stanley mlima alikuwa na jina, na wale watumwa wawili wa Kavalli walikuwa na majina. Kuyaandika kungechukua maneno matatu tu.